Spika wa Mama

Mama yao hakusikia tangu utotoni, wala hakuwahi kutamka neno. Alisema kwa mikono, kwa nyusi na kwa mabega, na mtu aliyemwelewa kuliko wote nyumbani alikuwa binti yake wa tano. Baba, fundi wa kupaka rangi majumba ambaye hakuna mtoto wake hata mmoja aliyeponyoka bila jina la utani, alimwita binti huyo Spika. Alisema kila bunge lina spika wake, na hili la kwake, lenye wabunge wanane wasionyamaza, lilihitaji mmoja mwenye mikono myepesi.

Mama alikuwa fundi cherehani. Chumba cha mbele kilikuwa karakana yake: cherehani ya miguu, meza ya kukatia, pasi, na vitambaa vilivyorundikwa mpaka usawa wa dirisha. Mteja alipoingia, Spika aliacha lolote alilokuwa akifanya na kusimama kati yao. Mteja akisema mikono iwe mirefu kidogo na kiuno kisibane, Spika aligeuka, vidole vikacheza hewani, mama akaitikia kwa kichwa na kuchukua chaki. Kazi hiyo aliifanya vizuri mno hata wengine wote wakaiacha. Ndugu zake walibaki na ishara chache za njaa, maji na "si mimi, ni yule". Hata baba, ambaye enzi za uchumba aliweza kuzungumza na mama kwa mikono mchana kutwa, sasa akirudi kazini alisema tu, "Spika, muulize mama yako."

Tena Spika hakupeleka kila kitu. Siku moja mteja alifoka kwamba angejua mapema asingempa kazi mtu asiyesikia. Spika akamgeukia mama na kumwambia kwamba bibi huyu ana haraka, anaiomba nguo yake Ijumaa. Mama akamtabasamia mteja kwa upole, mteja akaishiwa maneno, akaondoka. Jioni ndugu zake waliposimuliwa walicheka mpaka wakashika mbavu. Hakuna aliyeona ubaya.

Mambo yaligeuka wiki ya mitihani ya kumaliza shule ya msingi. Spika akiwa darasani, mdogo wao wa mwisho, aliyeitwa Kitufe kwa udogo wake, alipanda juu ya ndoo iliyopinduliwa uani akatumbukia kwenye pipa la maji. Mama alikuwa chumba cha mbele, mgongo ameupa mlango wa uani, mguu uko kwenye cherehani. Mshona viatu wa nyumba ya jirani ndiye aliyesikia kilio. Aliruka uzio na kumtoa mtoto akikohoa maji.

Spika alirudi akakuta ua umejaa watu. Kitufe alikuwa mzima, ameviringishwa shuka. Mama alikuwa ameketi chini amempakata, na kwa mkono mmoja aliuliza jambo lile lile kwa kila uso uliomwinamia. Watu walimpapasa bega na kumpa pole. Hakuna aliyejua anauliza nini. Spika alijua. Mama alikuwa akiuliza: alilia? Mtoto alilia?

Spika, aliyekwisha kusikia watu wakisimulia kile kilio, akajibu kwa mikono kwamba hapana, hakulia.

Tangu hapo aliishi roho mkononi. Alifunika pipa kwa ubao na kuweka jiwe juu yake. Akitumwa dukani alikwenda mbio na kurudi mbio. Usingizini alishtushwa na mlio wa paka. Hakumwambia mtu, maana nyumbani kila mtu alikuwa na kelele zake, na yeye alizoea kusemea wengine, si kujisemea.

Ndipo mwalimu mkuu alipokuja mwenyewe na pikipiki yake, jambo ambalo hajawahi kulifanya, kuwaambia kwamba Spika amepata nafasi katika shule ya wasichana ya bweni, mwendo wa kutwa nzima kwa basi. Kaka zake walipiga mabeseni kama ngoma. Dada zake waligombea nani atarithi upande wake wa kitanda kabla hata chai ya mgeni haijapoa. Spika alimfikishia mama habari ile, na mama akaushika uso wake kwa viganja viwili, akamtazama muda mrefu. Katika furaha ile hakuna aliyegundua kwamba mwenye habari hajacheka.

Aliyeona tatizo ni shangazi, dada mkubwa wa baba, ambaye hakuna shauri la nyumba ile lililopita bila yeye. Jumapili mchana alikuja, akaketi kwenye kiti cha wateja, akaomba watu wote wakusanyike. Hakuwa mtu mbaya. Alichouliza kilikuwa cha haki. Huyu akiondoka, mama yake atasemewa na nani? Wateja watampata vipi? Na Kitufe je? Mara hii jirani alikuwepo. Mara nyingine?

Baba alikuwa akibandua rangi kavu kwenye kucha zake. Mwishowe alisema wasibishane juu ya kichwa cha mtu, wamsikie mwenyewe. Akainua macho. "Spika, muulize mama yako."

Spika akauliza. Mama aliweka mkasi mezani, kana kwamba jibu hilo lilihitaji mikono isiyo na kitu. Alisema taratibu. Alisema mtoto aende. Alisema yeye hakukaa darasani hata siku moja, hakuna aliyejua afundishwe vipi, na kila mara anapoona watoto wamebeba mikoba huhesabu wa kwake. Mbali si kitu. Haogopi.

Chumba kizima kilikuwa kikimtazama Spika, si mama. Akasema kwa sauti ndogo, "Mama anasema ni mbali mno. Anaogopa. Anataka nisome shule ya hapa mtaani, niwe narudi nyumbani."

Shangazi alishusha pumzi na kumtazama baba kwa jicho la umeona. Baba akaitikia kwa kichwa polepole. Shauri lilikuwa limekwisha. Mmoja wa kaka zake alikuwa ameshainuka kwenda zake.

"Mama hakusema hivyo."

Aliyesema alikuwa Zege, kaka yao mkubwa, fundi wa kuchomelea vyuma, aliyepewa jina hilo kwa uzito wa maneno yake. Alikuwa ameegemea mlango tangu mwanzo, nao walikuwa wamemsahau.

Shangazi akamuuliza amejuaje. Zege akajibu kwamba kabla Spika hajazaliwa, aliyekuwa akisimama na mama mbele ya watu ni yeye. Mikono imekuwa migumu kwa kazi, lakini macho hayajafa. "Amesema mtoto aende. Amesema haogopi. Muulizeni tena."

Hakuna aliyeuliza. Kila mtu alimtazama Spika, na Spika aliitazama sakafu, palipokuwa na vipande vya nyuzi na pini moja. Mama alikuwa akihamisha macho toka uso huu kwenda ule. Alijua kuna kitu kimevunjika ila hakujua ni kipi. Akamgusa Spika begani: kuna nini? Kwa mara ya kwanza maishani mwake Spika hakumjibu. Ikabidi Zege asogee, na kwa vidole vyake vinene, akikosea na kurudia, amweleze mama maneno aliyosemewa.

Mama alisimama. Alimshika Spika kifundo cha mkono na kumtoa nje mpaka uani, mbele ya pipa. Spika alikaza mashavu akingoja kofi.

Kofi halikuja. Mama alimgeuza waangalie ndani ya nyumba. Kutoka pale, kupitia mlango ulio wazi, Spika aliona cherehani. Juu yake ukutani kilining'inia kipande cha kioo cha kabati lao la zamani, ambacho alidhani kimewekwa wateja wajitazamie. Katika kioo kile alijiona yeye mwenyewe, mama, na pipa lote.

"Nilikiweka kesho yake," mama alisema kwa mikono. Halafu akasema jambo jingine. "Uliniambia hakulia. Yule jirani alikuja kwa nini, kama hakulia? Nilijua. Nikanyamaza kwa sababu ulikuwa unatetemeka."

Spika alianza kujieleza. Mama akamshika mikono yote miwili, jambo ambalo kwa mtu kama mama ni sawa na kumziba mwingine mdomo, kisha akaiachia.

"Sina kingine," alisema. "Nyumba ni ya baba yako, nguo ni za wateja. Maneno ni yangu. Usiyaguse."

Akaingia ndani.

Siku zilizofuata zilikuwa nzito. Hapakuwa na kelele wala adhabu. Ila mama hakumtumia Spika tena. Mteja alipoingia, mama aligonga meza, na yeyote aliyekuwa karibu aliitwa. Zege akiwepo alikuja yeye. Asipokuwepo walikuja wadogo, wakashindwa, wakajaribu tena. Mteja mmoja aliyetaka pazia nusura ashonewe shuka. Mwingine alichoka, akachukua karatasi na kuchora anachotaka, na mchoro ukawa wa ajabu hata mama mwenyewe akaangua kicheko. Spika alisimama mlangoni mikono ikimwasha. Aliona makosa yote kabla hayajatendeka, na kila alipopiga hatua mbele, mama aliinua kiganja: kaa hapo.

Jioni moja baba alirudi, akafungua mdomo kusema yale yale ya siku zote, akajizuia. Aliketi kwenye kiti cha wateja na madoa yake ya rangi, akainua mikono na kumwambia mama kitu. Alikosea. Mama akamsahihisha. Akarudia. Watoto waliokuwa wakigombana waliacha, wakawa wanatazama kama watu waliomwona mtu mzima akijifunza kutembea. Spika alitoka kwenda uani, akakaa juu ya ndoo, akalia. Hakujua analilia nini hasa. Hofu ilikuwa imepungua, lakini mahali ilipokuwa palibaki pachungu.

Mama alimfuata. Alikuwa na futi ya utepe shingoni. Alimsimamisha, akampima mabega, kifua, na urefu wa sketi, pini zikiwa katikati ya midomo. Alipopima mkono aliurudia mara mbili, ingawa vipimo vya watoto wake wote alivijua kwa kichwa. Kisha akatoa zile pini na kumbusu utosini. Wiki hiyo hiyo sare ya shule ya bweni ilikuwa tayari, na pindo lilikuwa refu la kuteremshwa akirefuka.

Siku ya kuondoka alisindikizwa na nyumba nzima. Kituoni kondakta aliuliza kama wote wanasafiri, baba akajibu kwamba ni mmoja tu, hawa wengine ni mzigo. Spika alicheka, akapanda. Basi lilipotia gia hakusikia walichopiga kelele wale saba na baba yao, maana walisema wote pamoja na injini ikawameza. Aliyemwelewa ni mama peke yake. Mama alisema: kula, soma, usinisemee huko.

Bweni lilikuwa na vitanda vya ghorofa na kabati nyembamba za bati. Wasichana waliokuwa na dada mmoja au hawana kabisa walilalamikia kelele. Spika aliona pako kimya kama hospitali. Mwanzoni mwili wake haukutulia. Sahani ikianguka jikoni aliruka. Akiulizwa jambo alisubiri, kama mtu anayengoja kwanza mwenye maneno ayaseme. Walimu walimwona msichana asiyesema. Alikuwa akijifunza kitu kigeni, kujibu kwa niaba yake mwenyewe.

Siku ya wazazi alisimama getini tangu asubuhi. Aliwaza mama hawezi kuja, nani atamuulizia njia? Akawaza tena kwamba akija atachekwa. Magari yalikuja na kuondoka. Wenzake waliitwa mmoja mmoja. Hatimaye akamwona Zege amevaa shati lililopigwa pasi, kitu cha nadra, na nyuma yake mama amemshika Kitufe mkono.

Matroni, mlezi wa bweni, alikuja kuwasalimu, akaanza kumweleza mama habari za binti yake. Miguu ya Spika ilimpeleka katikati yao yenyewe. Mama akamsogeza kando kwa mkono, bila hasira, kama mtu anavyosogeza pazia, akamtazama Zege.

Matroni alisema binti huyu ni mzuri ila ni mkimya sana. Zege alifikiri, kisha mikono yake ikasema kwamba binti huyu ni mzuri ila analala sana. Mama akakunja uso na kumkodolea Spika. Spika aliirudisha mikono yake nyuma, akaifunga vidole kwa vidole, akang'ata midomo. Ilimchukua Zege muda kuona kosa lake na kulirekebisha. Mama alipoelewa kwamba anayeitwa mkimya ni huyu, alicheka kwa ile sauti yake nene isiyo na maneno, hata wazazi wengine wakageuka. Spika alingoja aibu ije. Badala yake naye akacheka.

Walikaa kivulini kwenye ukuta wa jiko, wakala mkate. Mama na Kitufe walikuwa wakizungumza. Mama alijigusa ndewe ya sikio na kurusha vidole viwili hewani, Kitufe akarudisha vile vile, wakamtupia Zege jicho, wakacheka. Spika alitazama mara ya kwanza, ya pili. Hakuelewa.

Ishara ile haikuwapo alipoondoka. Kitu kilimchoma kifuani, kidogo lakini kikali. Akamgusa mama: hiyo ni nini?

Mama alimnyooshea kidole Kitufe.

Kitufe alimeza mkate, akajipangusa mdomo, akaja kusimama mbele ya dada yake kwa uzito wa mwalimu. Alisema kwamba hiyo ni ya mtu anayejifanya amesikia na kumbe hakusikia, kama Zege akiitwa kuosha vyombo. Spika akaijaribu. Kitufe akatikisa kichwa, akamshika vidole na kuvikunjua kimoja kimoja.

"Si hivyo," alisema. "Anza tena."