Korosho za Alasiri

Harufu ya msimu ule ni ya muhogo mbichi. Wakati wa vita vya kuwaondoa Wareno Msumbiji, moshi ulikatazwa mchana ndege zisituone, kwa hiyo kule msituni karibu na Nhica tuliutafuna hivyo hivyo, utomvu wake ukinata vidoleni hadi darasani. Darasa lilikuwa kiwanja kilichofagiliwa chini ya miti iliyoshikana. Mwalimu wetu, Atija, alikuwa msichana aliyevuka mto Rovuma akasoma ng'ambo, kisha akarudi kutufundisha hesabu. Kila ndege ya Wareno ilipopita, tulitazama jua, tukakadiria saa, na mmoja wetu akaweka chini korosho moja yenye ganda, mahali pa saa ile. Atija alikuwa amechora mstari ardhini akaugawa sawasawa: alfajiri hadi saa tatu, saa tatu hadi sita, sita hadi tisa, tisa hadi jua kuzama. Nguzo za korosho ziligusana, maana muda haukatiki. Aliuita mchoro ule histograma. Nguzo ya pili ilirefuka kuliko zote. Nafasi ya alasiri ilibaki tupu. Basi kina mama wakawa wanateka maji alasiri, nasi watoto tukajiona tumewakinga.

Asubuhi moja tulikuta korosho tatu kwenye nafasi ile tupu, zimepangwa kwa mstari mnyoofu.

“Nani kaziweka?” Atija aliuliza. Tukaapa mmoja mmoja kwamba si sisi. Wakubwa nao walikana.

“Tunahesabu tulichokiona,” alisema, akaziokota. Lakini mchana akaenda kwa kina mama. “Leo msiende kisimani.”

“Si wewe uliyesema alasiri ni salama, mwalimu?” mama yangu akamuuliza.

“Nilisema, mama. Leo kaeni, nawaomba.”

Wakakaa, wakinung'unika kwa kiu. Hakuna aliyejua kwamba shangazi yangu Muanaisa alikuwa ameshatangulia na ndoo yake. Jua lilipoinama, wadudu walinyamaza wote kwa pamoja, kama waliozibwa midomo. Kisha ndege zikaja, tatu, na ardhi ikaruka upande wa kisima. Shangazi hakurudi. Kesho yake Atija alizirudisha zile korosho mahali pake. “Sasa zimeonekana,” alisema, na hatukusoma zaidi siku ile. Aliyeziweka mara ya kwanza hajajulikana mpaka leo.

Sasa naishi Palma, maji yako uani, na mjukuu wangu anachora histograma kwa rula na penseli za rangi. Juzi alichora urefu wa wanafunzi wenzake. Kundi moja la urefu halikuwa na mtu, akaliruka, akazibananisha nguzo za pande zote mbili.

“Futa,” nikamwambia. “Hapo acha nafasi, upana ule ule.”

“Lakini hapana kitu, bibi.”

“Najua. Iache hivyo hivyo.”

Akafuta, akachora upya. Mimi nikakaa naitazama ile nafasi nyeupe mpaka alipofunga daftari.