Mama Nyuzi na fundi wa pembeni ya picha

Kompyuta haijamaliza kuwaka na Mama Nyuzi ameshavuta kiti. Mkoba bado uko mapajani, chai inapoa.

"Njoo umwone! Huyu hapa tena!" anaita. Bosi wake, mhadhiri wa historia ya sanaa, anakuja mbio, miwani mkononi.

Kazi ya Mama Nyuzi ni kuingiza picha kuukuu za maigizo kwenye kompyuta. Kila mtu ni nukta. Wawili wakionekana picha moja, anavuta mstari kati yao. Ndiyo maana wenzake walimbandika jina hilo, na analipenda kweli.

Mradi unafuatilia vikundi viwili vya maigizo vilivyokuwa havipikiki chungu kimoja. Waigizaji wazee wote waliapa kwamba hawakuwahi kushirikiana, na mchoro ukawaunga mkono: marundo mawili ya nukta, katikati patupu.

Wafadhili wakaanza kuguna. Bila jambo jipya, mradi ungefungwa mwisho wa mwezi, na mjane huyu mwenye watoto watatu angerudi kwenye kibanda chake cha picha za pasipoti, ambacho siku nyingine hakikumpa hata wateja wanne.

Kumbe kibanda chenyewe ndicho kilichomponza.

"Miaka kumi na moja nimekata mabega ya watu wasiohusika," anasema akicheka. "Mkono ukazoea. Na hizi za maigizo nikawa nazikata pembeni!"

Mwezi uliopita, akibishana na bintiye kwenye simu, alisahau kukata picha moja. Pembeni alikuwapo mwanamke aliyepiga magoti, pini mdomoni, akishona pindo la joho la mfalme. Akajiuliza amewakata wangapi wengine. Akafukua picha zote upya, na katika za kikundi cha pili akamkuta yuleyule, amepiga magoti vilevile, akishona gauni la malkia.

Alipovuta mistari, marundo mawili yalisogeleana kwenye kioo yakakutana kwa fundi huyo. Mama Nyuzi akapiga ukelele mpaka mlinzi akaja na rungu, akidhani kuna nyoka.

Mwigizaji mmoja mzee, alipoonyeshwa picha, alimtambua fundi papo hapo. Fundi yu hai, anaishi nyuma ya soko, na ulimi wake bado mkali.

"Walinuniana wao," bibi huyo anasema. "Mimi nilikuwa na watoto wa kulisha. Mfalme wa huku na malkia wa kule walivaa kitambaa cha jora moja! Wangejua, wangenichuna ngozi."

Mradi umeongezewa mwaka mzima. Maonyesho yanakuja, na Mama Nyuzi ana mpango mmoja unaomnyima usingizi kwa furaha: kuwapanga waigizaji waliobaki wa vikundi vyote viwili na kuwapiga picha yeye mwenyewe, bila kukata mtu.

"Bibi, utakubali kukaa katikati yao?" alimwuliza.

"Nitakubali, mwanangu," fundi akajibu. "Ila safari hii sipigi magoti."