Kombe Zisizochomwa

Asubuhi ya mwisho ya kawaida, Marcelina alimpa mumewe Bernado uji, akamcheka kwa kuvaa shati nje ndani, kisha akaenda kutwanga kombe za ziwani, chakula cha kuku. Jioni homa ikamlaza. Hakuinuka tena.

Ndivyo alivyokuwa, mkono kazini, mdomo kwenye utani. Mdomo huo uliwahi kumwokoa Bernado.

Kiangazi cha mwaka themanini na saba, samaki walikufa ufukweni kwao, wakaelea matumbo juu. Juzi yake Bernado alikuwa ametoka mjini Bunda na dawa ya kuua wadudu wa pamba. Kijiji kikasema kamwaga sumu ziwani. Mtumbwi wake ukashikwa, kikangojwa kikao cha kumhamisha kijijini.

Siku hizohizo akaja Miriamu, mtaalamu wa maziwa kutoka Dar, aliyepanga chumba mtaa wa Mukendo, mjini. Alikuwa akitafuta kombe. Akamweleza Marcelina kwamba gamba la kombe hukua tabaka kwa tabaka, na kila msimu huacha chumvi zake humo. Unga kidogo tu, hata jicho haliuoni vizuri, ukipimwa kwenye mashine unasema maji yalikuwa baridi au moto, yalikuwa na hewa au hayakuwa nayo.

Marcelina aliruka. "Yaani kombe inakumbukaga siku samaki walipokufa?"

"Inakumbuka, mama."

Akambwagia magunia matatu ya kombe. Miriamu akashika moja, akainusa, akatikisa kichwa. "Hizi mmezichoma."

"Tunachomaga zote. Zinavunjika upesi."

"Basi moto umeharibu ushahidi wote."

Mchana kweupe Marcelina akaingia ziwani na gauni lake, mpaka kifuani, palepale samaki walipofia. Wanawake waliokuwa wakifua wakaangua kicheko.

"Mama Felisian, siku hizi unaoga na nguo?"

"Naoga na kesi ya mume wangu! Mnaochekacheka, njooni mnisugue mgongo!"

Jirani yake Susana akaacha sabuni yake, nayo siku zile sabuni ilikuwa dhahabu, akamfuata majini. Wakapapasa tope kwa vidole vya miguu. Wakatoka na kombe hai ishirini, wanatetemeka, wanacheka kama wasichana. Miriamu akaondoka nazo kwenda Dar, kwenye mashine.

Miezi mitano kikao kiliahirishwa, kwa kuwa Marcelina hakumwachia mwenyekiti nafasi ya kupumua. Kisha barua ya Miriamu ikafika. Katibu akaisoma mbele ya watu wote: kila kiangazi, miaka minne mfululizo, kombe zile zilikuwa na alama ya maji baridi yasiyo na hewa, yanayopanda kutoka kilindini. Mwaka ule yalipanda kuliko yote. Samaki walikosa pumzi.

Mwenyekiti Makongoro akakuna kidevu. "Kwa hiyo leo tunasikiliza ushahidi wa kombe?"

Marcelina akasimama.

"Mwenyekiti, kombe haigombei cheo chako na haina chuki na mume wangu. Imekaa mle majini, imeona, imesema. Sasa mfungulieni mtumbwi wake, maana nimechoka kupika majani matupu."