Siku Mama Hawa Aliongea Sana

Juzi nilikuwa napita Satellite, hapa kwetu Kawangware, na beseni ya nyanya kwa kichwa, nikasikia harufu ya ubani inatoka kwa dirisha ya mtu. Nilisimama katikati ya barabara mpaka mtu wa boda boda akanipigia honi akaniuliza kama nimeamua kujenga hapo. Mimi saa hiyo sikuwa Satellite. Nilikuwa Makina, kule Kibera, Mueni mtoto wa miaka tisa, nimekaa kwa mkeka wa Mama Hawa, na ubani umeingia kwa nywele, kwa nguo, mpaka kwa chai.

Wacha niwape hii stori. Shule mimi nilifika kwa geti nikarudi, kwa hivyo msinitafutie makosa. Na mkisikia kama nimeongeza chumvi, jueni ni kidogo tu, ya kuonja.

Mama yangu alikuwa mhubiri. Tulitoka Kitui tukapanga Gatwekera, upande mwingine wa Kibera, chumba kimoja cha matope na mabati, mimi, yeye na ndugu yangu mdogo Mutua. Mama alikuwa mfupi, lakini sauti aliyopewa ilikuwa ya watu wanne. Akisema haleluya kwetu Gatwekera, mbuzi za Kawangware zinageuza shingo. Na mtu kama huyo, kanisa likaona bado haitoshi, wakampea spika.

Pasta alimwambia shamba lake ni Makina, kwa Wanubi. Wanubi ni Waislamu tangu babu ya babu zao, walikuwa hapo Kibera hata kabla mimi na wewe hatujafikiriwa. Mama hakuogopa. Kila Jumamosi tulibeba spika, ngoma na Biblia, tunavuka reli, tunaenda kusimama mbele ya mlango wa mama mmoja mjane anaitwa Mama Hawa. Kwa nini huyo? Kwa sababu mbele ya mlango wake kulikuwa na kivuli. Kazi ya Mungu pia inataka kivuli.

Mama Hawa alikuwa anapika gurusa, ile chapati nyembamba ya Kinubi, ya harusi. Nyembamba mpaka ukiinua moja unaona jirani upande ule mwingine. Alikuwa mkubwa wa mwili na mdogo wa maneno. Ukimsalimia anatingisha kichwa. Ukimpa habari ya kifo anasema, "Aah." Ukimpa habari ya harusi anasema, "Aah," lakini kwa juu kidogo.

Jumamosi ya kwanza mama alihubiri mpaka jasho ikaingia kwa viatu. Waliosikiliza walikuwa watoto watano na mbwa, na mbwa hakukaa. Mama Hawa akatoka na stuli. Akaiweka chini, akamwambia mama, "Kaa." Akarudi ndani, akatoka na chai ya tangawizi. "Kunywa." Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yote.

Baadaye betri ya spika ikakufa. Mama Hawa mwenyewe akapitisha waya kwa dirisha lake, mama akahubiria Waislamu na stima ya Mwislamu. Adhana ikikaribia, Mama Hawa alitoa kichwa nje. "Mama Mueni, zamu yetu." Anachomoa waya. Anaenda kuswali. Akimaliza anarudisha waya ukutani, anasema, "Haya, zamu yako." Walienda hivyo miaka miwili. Mama alimwambia pasta kwamba huyo mama ako karibu sana kuokoka. Ati anasikiliza kila neno. Hiyo ya kusikiliza ilikuwa kweli. Hii nyingine, wacha tu.

Halafu kura ya 2007 ikapigwa, na mnajua venye ilienda, makabila yakaanza kuchomana. Mwanzoni sisi Wakamba tuliachwa tu. Halafu siasa ikageuka huko juu, ikasemekana Wakamba wameenda upande ule mwingine. Mama yangu alikuwa hajaenda upande wowote, hata sokoni hakuwa ameenda. Lakini asubuhi moja mlango wa jirani yetu, Mkamba wa Machakos, ukavunjwa, na vijana wakasema kufika jioni wanarudi kwa sisi tuliobaki.

Mama alipiga magoti. Mimi nikashika Mutua. Moshi ilikuwa imejaa mpaka kuku zinakohoa. Mlango ukagongwa, mama akasema, "Yesu, tupokee," ukafunguka, akaingia Mama Hawa. Huyo mwanamke alikuwa ametoka Makina kwa miguu, peke yake, amebeba furushi. Akafungua. Ilikuwa nguo zao, gurbaba, yale mashuka ya rangi wanawake wa Kinubi wanajifunga mpaka kichwani.

"Vaa," akasema.

Mama aliangalia ile nguo kama sanda imeandikwa jina lake. "Mama Hawa, Mungu akubariki. Lakini wakiniuliza mimi ni nani?"

"Aah."

"Nitawaambia mimi ni Mkristo. Siwezi kumkana Yesu mbele ya watu. Nimesimama kwa mlango wako miaka miwili nikisema anayemkana atakanwa. Heri wanichome."

"Mama!" nikalia. "Wewe sema tu ni Mnubi! Ni uongo kidogo!"

"Mueni, nyamaza."

Nilimchukia hiyo dakika, nawaambia ukweli. Nilijua mama yangu. Huyo mtu akiulizwa atajibu, na atajibu na ile sauti ya mbuzi za Kawangware.

Mama Hawa hakubishana. Halafu akasema maneno mengi kuliko yote niliyowahi kumsikia akisema: "Ukiulizwa, sema ukweli wako. Mimi sitakukataza. Sasa vaa, nguo si dini."

Mama akavaa. Alikuwa mfupi, shuka likamfunika mpaka akafanana na godoro linatembea. Mutua akacheka. Hata siku kama hiyo mtoto atacheka.

Kwa reli tukawapata. Matairi yanawaka, vijana kama kumi na kitu, marungu na mapanga. Mmoja akasimama mbele yetu, wanamwita Kevo.

"Mathe, mnatoka wapi?"

Hapo ndipo Mama Hawa alifunguka. Sijui nisemeje. Ni kama bomba ya maji ilipasuka.

"Natoka wapi? Wewe Kevo unaniuliza natoka wapi? Si wewe ulikuwa unakojoa kwa ukuta wangu mpaka udongo ukaanguka? Nilimwambia mamako? Sikumwambia! Leo unashika panga kubwa kuliko mguu wako!"

Wenzake wakacheka. Kevo akasonya. "Mathe, poa basi. Na huyu ni nani?" Akaelekeza panga kwa mama.

Nikaona mama anavuta pumzi. Naijua hiyo pumzi. Hiyo ni ya kuanza krusedi. Mdomo ukafunguka kidogo, na Mama Hawa akawa ameshaingia:

"Huyo ni mke wa kaka yangu, ametoka kwa Wanubi wa Eldama Ravine kuja harusi, na harusi mmeiharibu nyinyi! Gurusa zimeoza! Na hawa ni watoto wake, na yeye ana jino linamuuma, shavu imefura hivi, usiku kucha analia!"

"Wacha ajisemee. We mathe, we ni..."

"Ajisemee na jino? Wewe ukiwa na jino unajisemea? Ulipokuwa mdogo ulilia na jino mtaa mzima ukahama! Nani alikuletea karafuu? Sema! Nani?"

"Ni wewe, mathe, lakini..."

"Lakini nini? Mwangalie vizuri! Unataka nimfunue mdomo utie kichwa ndani? Salimia mamako! Mwambie ile sufuria yangu arudishe!"

Kila Kevo akifungua mdomo, yeye alikuwa amefika. Kila mama akivuta pumzi, yeye alikuwa amefika. Mwishowe kijana mwingine akashika masikio akasema, "Buda, pitisha hawa watu, huyu mathe atatumaliza na maneno."

Tukavuka. Mama Hawa aliendelea kutukana hewa mpaka tukaingia kwake, akafunga mlango. Akaweka ubani kwa kijiko cha makaa ya moto, akachukua maji, akatawadha, akaswali. Aliswali sana. Mimi nilikuwa na njaa, nikaona huyu mama leo amepotea kwa mkeka. Alipoinuka macho yalikuwa mekundu, na sauti imekatika kabisa. Wiki nzima alituambia "kula" na kidole.

Nilimkasirikia kidogo, mnajua? Watoto ni wajinga. Nilijiambia huyu mama kumbe ni mdomo hivi na mwongo hivi. Hiyo harusi haikuwepo. Kaka hana. Jino hakuna.

Tulikaa kwake mpaka nchi ikatulia, halafu tukahamia Kawangware, na tuko huku mpaka leo. Ni mpaka nikapata watoto wangu ndio nilielewa. Yule mwanamke alikuwa amemsikiza mama miaka miwili, kweli kila neno, na alijua swali moja tu lingemuua. Hakumwomba aseme uongo. Aliubeba wote yeye mwenyewe, mzito mzito, akaenda nao kwa mkeka wake kumweleza Mungu wake, ili mama asibebe hata mmoja.

Mama ni mzee sasa, lakini sauti bado iko. Akishuhudia kanisani anafika hapo kwa reli, anainua mkono, anasema, "Wapendwa, Mungu alinihurumia. Sikumkana. Kwa sababu ile siku, kati ya wale vijana wote, hakuna hata mmoja aliyeniuliza!"

Kanisa linapiga makofi. Mimi nimekaa nyuma na leso kwa mdomo, mabega yanatingika. Kumuuliza? Wangemuuliza saa ngapi?