Mama Mkwe Anataka Kunisamehe Wizi Nisioufanya

Admin, jina langu libaki kwako, maana wajukuu wangu wanasoma hapa.

Nina miaka sabini na mmoja. Shamba letu lilikuwa juu ya Kitale, kwenye miteremko ya Elgon. Vurugu za miaka ya tisini zilitutoa huko, tukakimbilia Bungoma kwa wazazi wa mke wangu. Mwanamume kulala ukweni ni aibu tosha. Mimi na mama mkwe hatukupeana mikono wala kuketi chumba kimoja. Ndiyo heshima yetu.

Baba mkwe aliniombea kazi katika ofisi iliyotengeneza programu za mishahara. Kompyuta yetu ilihifadhi kila toleo la kazi: nani amebadilisha nini, na kwa sababu gani. Siku moja ikagunduliwa kwamba wafanyakazi hewa wamelipwa, na aliyeonekana kubadilisha ni mkubwa wetu. Akaapa hakugusa kitu. Nilimwamini. Nikachunguza, nikaona tundu: pale pa kuandika sababu, ukiweka nukta-mkato kisha amri yoyote, mashine iliitekeleza bila kuuliza, kwa jina la mkubwa, maana ilisajiliwa kwake.

Nikamwonyesha mbele ya wenzangu, nikidhani namwokoa. Niliandika “marekebisho”, alama ile, na amri ndogo. Faili jipya likatokea kwa jina lake.

“Kumbe ni wewe, bwana,” akasema.

“Mkubwa, naonyesha tu mahali mwizi alipopitia.”

“Na ulipajuaje?”

Mwenzangu akacheka. “Si utufungulie na benki, mtu wa Kitale!”

Nilifukuzwa papo hapo. Baba mkwe alienda kuniombea, akarudi mikono mitupu, na hakuniuliza neno mpaka alipofariki. Mke wangu alijaribu kumweleza mama yake, akajibiwa, “Ati mashine inaibiwa kwa kuandikiwa maneno?” Mimi nisingeweza kusimama mbele yake nikajitetea. Tukapanga nyumba Kiminini. Mzee alipozikwa, nilibaki nje ya ua.

Sasa mama mkwe haamki kitandani. Juzi amemtuma shemeji yangu: “Mwambie aingie mpaka hapa, mambo ya ukwe tuyaache. Nataka kumsamehe kabla sijaenda.”

Mke wangu analia. “Mzee, si ukubali tu, mama apumzike?”

Nikikubali, boma zima litasema nimekiri. Nikikataa, nitamnyima mgonjwa amani. Lakini linaloniaibisha zaidi ni kwamba natamani kwenda. Miaka yote hii nimetamani mtu wa boma lile aniambie, “Yamekwisha.”

Ndugu zangu, nishaurini: niinamishe kichwa nisamehewe?