Ramadhani ile mstari wa hewa ulipokuwa unakatikia Madale

Wakuu, heshima kwenu. Hili nimekaa nalo miaka mingi. Nalisimulia kama lilivyotokea, bila kutia chumvi.

Miaka ya tisini nilikuwa kwenye mradi mdogo wa kupima hewa, ofisi yetu ikiwa Mikocheni. Kompyuta moja, umeme wa mgawo. Wa umri wangu mnakumbuka.

Kazi ilianza na malalamiko. Wakazi wa Mikocheni walikuwa wanaamka alfajiri na moshi hadi ndani ya vyandarua. Kamati yao ikasema ni matanuri ya tofali ya Madale, kule milimani. Wilaya ikawa inasubiri ripoti yetu tu: tukithibitisha, matanuri yanavunjwa.

Tulikuwa na programu ya kufuatilia njia ya hewa. Unaiwekea vipimo vya upepo vya kila saa, inarudi nyuma na kukuchorea hewa iliyokufikia asubuhi ilipita wapi.

Tuliiomba irudi siku nzima. Ikawa inakatika. Kila mstari unatoka Mikocheni, unapanda hadi Madale, unaishia hapo. Hakuna onyo lolote, kana kwamba kazi imekwisha.

Kessy, fundi wetu wa kompyuta, alibadilisha diski, akafuta faili za zamani ili apate nafasi, akaipakia programu upya. Katikati umeme unakatika. Ukirudi, mstari uleule, Madale palepale.

Mwisho akachoka.

"Braza, huenda haikatiki. Huenda moshi unaanzia hapo. Tuandike tukalale."

Na mie nilitaka kulala. Lakini kumvunjia mtu tanuri ambalo hata sijaliona, roho ilikataa. Nikapanda Madale.

Mwenye matanuri alikuwa Mama Tumaini, mwenyeji wa Iringa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ni wa kupima au wa kuvunja?"

"Wa kupima."

"Haya, pima. Ingiza mkono humo."

Nikaingiza. Baridi. Ndani kuku alikuwa amelalia mayai.

"Vibarua wangu wote wamefunga," akasema. "Nani abebe tofali juani na swaumu? Ramadhani sie hatuchomi, tunangoja Idi. Moshi wenu mtafuteni kwingine, mwanangu. Mie hapa nasomesha."

Nikashuka nikiwaza. Mstari unaishia kwenye tanuri ambalo halijawashwa, na moshi Mikocheni bado upo.

Ofisini nikamwambia Kessy ajaribu siku za kabla ya Ramadhani. Mistari ikaenda mpaka mwisho. Tukairudia ile iliyokatika, safari hii tukiangalia saa badala ya mahali. Yote ilikuwa inakatika wakati wa magharibi, jua likizama.

Nikamfuata Shomari, aliyekuwa na zamu ya kusoma kipimo cha upepo jioni.

"Magharibi ulikuwa unasoma?"

"Magharibi nafuturu, bwana. Ulitaka niufuturishe na upepo?"

"Sasa ile saa ukaandika nini?"

"Nikaacha wazi. Niandike uongo na swaumu yangu?"

Nikarudi kwa Kessy, ndipo tukaelewa. Programu ikikuta saa tupu ilikuwa inasimama bila kusema, na sie tukadhani imefika.

Kituo cha jirani cha hali ya hewa kilikuwa na kipimo kinachojiandikia chenyewe. Tukaziba mapengo kwa vipimo vyake. Mstari ukavuka magharibi, kisha ukageuka.

Mchana upepo wa bahari ulikuwa unaisukuma hewa kwenda milimani. Usiku upepo wa nchi kavu unairudisha. Hewa ile ilikuwa imetoka Mikocheni hiyohiyo, mitaa ya viwanda vidogo, ikaenda Madale na kurudi. Na baadhi ya wenye viwanda walikuwa ndani ya kamati.

Tukapeleka ripoti. Mwenyekiti wa kamati akaufuata ule mstari kwa kidole hadi uliporudi Mikocheni, akaikunja ripoti, akasema, "Hili tuliweke kiporo."

Kikao kingine hakikuitishwa. Baada ya Idi, Mama Tumaini akawasha matanuri yake na hakuna aliyekwenda kumvunjia. Moshi wa alfajiri nao ukaendelea.

Nilichojifunza, wakuu: majibu yakikatika, usikimbilie kuamini kwamba pale yalipoishia ndipo jambo lilipoanzia. Uliza kwanza yameishiwa na nini.

Mliowahi kufanya kazi za vipimo, au mliokulia Mikocheni enzi hizo, leteni yenu. Na anayejua ule moshi uliisha lini aniambie. Mie nilihama ukiwa bado upo.