Mashine ya Kukereza kwa Chumba cha Uani

Biashara ya nje ilipofunguliwa na mashine za mitumba zikaanza kufika Dodoma, niliamua kununua ya kukerezea mbao, ile inayozungusha gogo huku patasi ikilichonga. Karakana yangu ilikuwa chumba cha uani, Makole. Asubuhi ya kwenda kuchagua niling'oa tendegu moja la kitanda chetu liwe kipimo. Mke wangu akaweka matofali mahali pake.

Dukani Chang'ombe, hapohapo mjini, zilikuwapo tatu. Mwenye duka aliisifia ile kubwa.

"Hii, fundi, utawaachia wajukuu."

Nikamwambia umeme wa nyumbani kwangu hautaiweza. Katika ile ndogo tendegu halikuenea. Ya katikati ililipokea, ikabaki nafasi ya kiganja. Nikaomba iwashwe, nikaishika kitako. Ilitetemeka kidogo tu, nikaichukua.

Baba yangu, aliyekereza miaka yote kwa upinde na kamba kule Kondoa, alikuja kuitazama. Nilipomaliza mchi wa kwanza, akaupapasa.

"Umetoka laini," alisema. Kisha akauliza kama ningeweza kumfundisha. Nikampisha, naye akasimama mbele ya mashine.